Shilingi Nane za Kichwa cha Mtoto

Ukisikia mtu anadai mwalimu apimwe kwa maksi za wanafunzi wake, usidhani wazo hilo limezaliwa jana. Waingereza walilijaribu zamani, tena kwa pesa taslimu.

Ilikuwa mwaka 1862. Ruzuku ya shule za watoto wa maskini ilikuwa inapanda kila mwaka, na ripoti ya tume ya mwaka 1861 ilisema watoto wengi wanaondoka shuleni hata kusoma hawajui vizuri. Robert Lowe, mwanasiasa aliyesimamia elimu, akaja na dawa yake. Mkaguzi aje mara moja kwa mwaka, amtahini kila mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto mwenye mahudhurio ya kutosha akishinda yote matatu, shule inapata shilingi 8. Akianguka moja, inakatwa theluthi, yaani shilingi 2 na peni 8. Fedha walipokea mameneja wa shule, na mshahara wa mwalimu ukawa unategemea humo humo. Lowe alitamba bungeni kwamba mpango wake, usipokuwa rahisi utakuwa na ufanisi, na usipokuwa na ufanisi utakuwa rahisi. Urahisi uliwahi kufika: ruzuku ilishuka kutoka pauni zaidi ya 813,000 mwaka 1861 hadi chini ya 637,000 mwaka 1865.

Hebu jiweke mahali pa mwalimu yule. Darasa limejaa, wengine wana njaa, wengine juzi tu walikuwa shambani wakivuna. Kila kichwa ni shilingi. Utafanyaje? Utakaririsha! Kitabu kile kile mwaka mzima, mpaka mtoto anakisoma hata kikishikwa juu chini. (Sisi tuliokesha na mitihani ya miaka ya nyuma tusiwacheke.) Masomo yasiyo na shilingi yakasukumwa pembeni. Mtoto mgonjwa akabebwa hadi shuleni siku ya mkaguzi, kwa kuwa kukosa kwake ni hasara. Na yule mwenye akili nyepesi? Huyo hakuongeza kitu, alikwisha kushinda.

Mshairi Matthew Arnold alikuwa mkaguzi wa shule tangu 1851 hadi 1886. Mwaka ule ule wa 1862 aliupinga mpango huo kwa maandishi, na waliokuwa wakimlipa mshahara ni serikali hiyo hiyo. Kwangu mimi, ujasiri wa mwandishi ndio huo.

Mpango ulilegezwa mwaka 1890, ukazikwa kabla karne haijaisha. Lakini haukukaa kaburini. Huko Atlanta, Marekani, walimu wakuu waliwekewa malengo ya maksi. Anayeyafikia anapata bahashishi, asiyeyafikia kazi iko mashakani. Mwaka 2011 wachunguzi wa jimbo la Georgia waliwataja walimu na wakuu wa shule 178, katika shule 44, kwa udanganyifu. Watu wazima walikaa na raba wakifuta majibu ya watoto na kuweka yaliyo sahihi. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani 11.

Watoto waliohitaji masomo ya ziada hawakuyapata. Karatasi zilionyesha wamefaulu.