Bupivakaini na Moyo: Historia ya Dawa ya Ganzi, 1957–2006

Mnamo mwaka 1884, Carl Koller alidhihirisha mjini Vienna kwamba kokeini huweza kutia jicho ganzi bila kumlaza mgonjwa. Tangu hapo, wataalamu wametafuta dawa ya ganzi yenye nguvu lakini isiyodhuru. Bupivakaini, iliyobuniwa nchini Sweden mwaka 1957, ilipendwa kwa kuwa ganzi yake hudumu kwa saa nyingi.

Hata hivyo, mwaka 1979, George Albright wa Marekani alichapisha tahariri kuhusu wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama ghafla baada ya kudungwa dawa hiyo au etidokaini. Baadaye, mamlaka za Marekani ziliacha kupendekeza myeyusho wa asilimia 0.75 kwa wanaojifungua. Mwaka 1985, Clarkson na Hondeghem walifafanua chanzo: lidokaini huziba njia za sodiamu katika misuli ya moyo na kuziachia upesi, ilhali bupivakaini huingia upesi na kutoka polepole. Hivyo, uzibaji hulimbikizana pigo baada ya pigo.

Mwaka 1998, Guy Weinberg na wenzake walionesha kuwa mafuta yaliyoingizwa mshipani huwawezesha panya kustahimili bupivakaini zaidi. Mwaka 2006 iliripotiwa kwamba mgonjwa aliokolewa kwa njia hiyo.

Inabainika, basi, kwamba usalama wa dawa hautokani na idhini pekee, bali pia na madaktari wanaokusanya visa vilivyotawanyika na kuvitambua kuwa tatizo moja.