Intel: Kutoka Chipu za Kumbukumbu hadi Vichakataji

Mwezi Julai 1968, Robert Noyce na Gordon Moore walianzisha Intel huko Mountain View, California. Andrew Grove, aliyefika Marekani kama mkimbizi kutoka Hungaria, alijiunga nao mapema. Walianza na chipu za kumbukumbu.

Mwaka 1969, kampuni ya Busicom ya Japani iliagiza kwa Intel chipu za vikokotoo. Badala ya kutengeneza chipu nyingi, kila moja na kazi yake, mhandisi wa Intel Ted Hoff alipendekeza chipu moja itakayofuata maagizo ya programu. Mwenzake Federico Faggin aliisanifu akisaidiana na Masatoshi Shima wa Busicom, na Novemba 1971 kichakataji hicho, Intel 4004, kikaingia sokoni.

Kipande hiki cha silikoni, milimita 3 kwa 4 hivi, kimebeba transista 2,300. Kwa hadubini utaona pembeni herufi F.F., sahihi ya Faggin.

Mwaka 1981, IBM ilizindua kompyuta yake binafsi iliyotumia kichakataji cha Intel 8088. Ushindani wa Wajapani katika chipu za kumbukumbu ulipopamba moto, mwaka 1985 Intel iliamua kuachana na biashara ya kumbukumbu iliyoizaa, ikaelekeza nguvu kwenye vichakataji. Kufikia 1992 ilikuwa ikiongoza duniani kwa mauzo ya chipu.