Sura ya mkubwa kwenye pesa, hasara kwa mwanakijiji

MASISI NA WALIKALE – Katika Roma ya zamani, mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliwekwa kwenye sarafu akiwa bado hai. Makaisari waliofuata walifanya vilevile, ndiyo maana dinari ya kodi katika Injili ina sura ya Kaisari. Mtu wa mbali, ambaye hangemuona mtawala hata siku moja, alijua kupitia sarafu nani anatawala. Lakini sura haikulinda thamani. Mwaka wa 64 Nero alipunguza fedha ndani ya dinari, na kichwa chake kikabaki palepale.

Kongo ilipitia njia hiyo. Kuanzia 1887, sarafu za fedha zilikuwa na kichwa cha Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Zile ndogo za shaba zilikuwa na tundu katikati, bila sura ya mtu. Baadaye zikaja faranga zenye kichwa cha mfalme Albert I.

Mwaka wa 1967 Mobutu alianzisha zaire, na sura yake ikawekwa kwenye noti. Zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwisho wa Desemba 1979, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitumiki tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Aliyekuwa mbali na benki, akiba yake ilibaki karatasi.

Januari 1993, wanajeshi walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakazikataa, kwani Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alikuwa ametangaza kwamba si halali. Wanajeshi walipora Kinshasa.

Machi mwaka huohuo, mapigano yalianza Ntoto, Walikale, yakafika Masisi, na familia nyingi zikakimbia. Oktoba, pesa ikabadilishwa tena: zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mkimbizi aliyekuwa amefunga akiba yake kwenye kitambaa alibaki na kidogo sana, hata kama hakuna aliyemuibia njiani.

Faranga ya Kongo ilirudi Juni 1998, moja kwa zaire mpya 100,000. Haikuwekwa sura ya rais aliye madarakani. Leo noti ya 100 ina tembo, na ya 1,000 ina okapi.

Wazee waliobaki na noti za zamani wanaweza kuwaonyesha watoto jambo moja. Waziweke kwa mfuatano wa miaka: sura ni ya Mobutu yuleyule, namba imetoka 1 ikafika 5,000,000.