Darubini ya Koo: Safari ya Neno

Neno darubini lina asili ya Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Mwaka 1806 Philipp Bozzini wa Ujerumani alieleza chombo cha kupeleka nuru ya mshumaa mwilini; mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alijaribu cha nyuzi za kioo zipindikazo. Vyembamba vya leo hupitishwa puani, kwani saratani ya pua na koo yaweza kurejea baada ya matibabu.

Mvuvi wa Ufukoni, Mtwara, akiambiwa “endoskopi” huenda akadhani atapasuliwa, asirudi kuchunguzwa. “Darubini ya koo” humjulisha kuwa atatazamwa. Asili ya neno isitutatize: kwa jicho tupu, kooni nako ni mbali.