KIXP: Jinsi wapinzani wa intaneti walivyokubali kuunganishwa

Kwa miaka kadhaa baada ya intaneti kuanza kuuzwa nchini katikati ya miaka ya 1990, barua-pepe iliyotumwa kutoka afisi moja jijini Nairobi hadi nyingine ng'ambo ya barabara ililazimika kwanza kupaa angani. Iwapo mtumaji na mpokeaji walikuwa wateja wa kampuni tofauti, ujumbe ulisafiri kwa setilaiti hadi Marekani au Ulaya, kisha ukarejeshwa humu nchini kwa njia iyo hiyo. Kampuni ya kwanza ililipia safari ya kwenda, ya pili ikalipia ya kurudi, na gharama zote zikamwangukia mteja.

Haikuwa kwamba ufundi ulikosekana. Kampuni hizo ziling'ang'ania wateja wachache, na hakuna iliyokuwa na hamu ya kuunganisha mitambo yake na ya mpinzani. Isitoshe, njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa mali ya Telkom Kenya pekee, iliyoanzisha Jambonet mwaka wa 1998 na kukingwa kisheria dhidi ya washindani hadi Juni 2004.

Novemba 2000, muungano wa kampuni hizo, TESPOK, ulifungua jijini Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP. Utaratibu wake ni sahili: kila mwanachama huvuta laini hadi kwenye mtambo mmoja usiomilikiwa na mshindani yeyote, na data za humu nchini hukabidhiwa papo hapo. Ushindani wa bei na huduma huendelea nje ya mlango wa kituo.

Telkom ililalamika kwamba haki yake ya kipekee imevunjwa, na katika muda wa majuma mawili hivi, Tume ya Mawasiliano (CCK) ikaagiza kituo kifungwe kwa madai kuwa hakikuwa halali. TESPOK ilikata rufaa, ikishikilia kuwa data zisizovuka mpaka haziwezi kuitwa mawasiliano ya kimataifa. Hoja hiyo ilikuwa nzito, lakini ilichukua takriban mwaka mzima kusikika. Novemba 2001 tume ilibadili msimamo na kukubali kutoa leseni.

KIXP ilifunguliwa upya Februari 2002 ikiwa na kampuni tano. Muda wa data kwenda na kurudi, uliokuwa kati ya milisekunde 1,200 na 2,000, ulishuka hadi kati ya 60 na 80.

Hata hivyo, kituo hakikupunguza gharama ya kusoma tovuti za ng'ambo. Nafuu hiyo ilisubiri nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka wa 2009, zikiwemo SEACOM na TEAMS. Faida yake kubwa ilionekana katika huduma za nyumbani: Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilijiunga nacho ili walipa ushuru wawasilishe taarifa zao bila data hizo kuondoka nchini.