Nani ameshika kalamu? Historia ya kufuatilia kazi za pamoja

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na kazi ya watu wengi ni vivyo hivyo. Awe anasimamia ujenzi wa meli au utengenezaji wa programu ya kompyuta, msimamizi huamka na swali lile lile: kazi imefikia wapi, na imekwama kwa nani? Kwa zaidi ya miaka 100 swali hilo limejibiwa kwa karatasi, kisha kwa kompyuta kubwa, na sasa kwa simu ya mkononi. Lakini katika kila hatua, faida ya chombo ilitegemea zaidi ni nani aliyekijaza.

Mwaka 1896 Karol Adamiecki, mhandisi wa Poland aliyefanya kazi katika viwanda vya chuma, alibuni mchoro ulioonyesha kila kazi, muda wake na kazi inayoitangulia. Hakuuandika kwa Kiingereza, na sifa zikamwendea Mmarekani Henry Gantt, ambaye miaka kadhaa baadaye alichora chati zake mwenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Marekani lilizitumia kufuatilia utengenezaji wa silaha. Kwenye karatasi kulikuwa na muda uliopangwa, na mstari mnene ulioonyesha kazi iliyokwisha kufanyika. Mstari ukiishia nyuma ya tarehe ya leo, bosi anajua wa kumwita. Kalamu ilikuwa ofisini. Fundi aliandikwa kwenye chati kama mzigo unavyoandikwa kwenye orodha ya ghala.

Kompyuta iliingia mwaka 1957. Kampuni ya kemikali ya DuPont ilitaka kupunguza muda ambao mitambo husimama wakati wa matengenezo. Mhandisi wake, Morgan Walker, akishirikiana na James Kelley wa Remington Rand, alitumia kompyuta ya UNIVAC kutafuta mfuatano wa kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Kazi nyingine zinaweza kusubiri, hizo haziwezi.

Mwaka uliofuata Jeshi la Wanamaji la Marekani, lililokuwa likitengeneza kombora la Polaris la kurushwa kutoka kwenye nyambizi, lilikuja na mbinu yake, PERT. Hapa kila kazi ilikadiriwa mara tatu. Tuseme mambo yakienda vizuri itachukua siku 4, kwa kawaida siku 6, na yakiharibika siku 14. Unazidisha ile 6 kwa 4, unajumlisha na nyingine mbili, unagawa kwa 6: unapata siku 7.

Julai 1960 Polaris ilirushwa kutoka chini ya maji, na PERT ikapata umaarufu wa dunia nzima. Lakini mtafiti Harvey Sapolsky, katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, alionyesha kwamba mbinu hiyo ilichangia kidogo sana katika kutengeneza kombora lenyewe. Faida yake kubwa ilikuwa kuwapumbaza wakaguzi na wanasiasa, waliokiona chumba cha chati na kompyuta wakaamini mambo yako sawa, wakawaacha wahandisi wafanye kazi yao.

Wakati huo huo, nchini Japani, Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa ameshika njia nyingine. Kila sanduku la vipuri lilikuwa na kadi yenye jina la kipuri, idadi yake na mahali kinakotoka. Vipuri vikitumika, kadi inarudi nyuma kuagiza vingine. Aliyeisogeza ni mfanyakazi wa kwenye mtambo, bila kusubiri mpango wa mkuu.

Programu za ofisini zilianza kwa kumfuata Gantt. Microsoft Project, iliyotoka mwaka 1984, iliweka chati kwenye meza ya msimamizi. Aliichapisha, akaibandika ukutani, na baada ya wiki mbili ilikuwa imepitwa na wakati, kwa sababu wanaofanya kazi hawakuwa na namna ya kuirekebisha.

Mabadiliko yaliletwa na watengenezaji wa programu wenyewe. Mwaka 1998 mradi wa Mozilla uliweka hadharani Bugzilla, ambamo yeyote aliyeona kasoro aliiandikisha, ikapewa namba, mhusika na hali yake. Mwaka 2002 vijana wawili wa Sydney, Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar, walioanzisha kampuni ya Atlassian kwa deni la kadi ya benki la dola 10,000, walitoa Jira, programu ya kazi hiyo hiyo, ambayo baadaye ilienea hadi nje ya idara za kompyuta. Basecamp ikafuata mwaka 2004 kutoka Chicago. Mwaka 2011 Trello ikarudisha kadi za Toyota kwenye kioo: safu ya kazi zinazosubiri, zinazofanywa na zilizokwisha, na kadi unayoivuta kwa kidole. Atlassian iliinunua mwaka 2017 kwa dola milioni 425.

Kwa hiyo kalamu imemfikia anayefanya kazi. Ila macho ya bosi nayo yamefika pale pale. Mfanyakazi anayejua kwamba kadi iliyokaa siku tano itasomwa kikaoni kama hati ya mashtaka ataisogeza hata kama kazi haijasogea, na ubao utakuwa maonyesho kama kile chumba cha Polaris.

Ukitaka kuleta programu ya aina hii ofisini kwako, usianze na bei wala rangi za ubao. Jiulize kwanza kama fundi wako anaweza kuandika "nimekwama" bila kuogopa. Kama hawezi, baki na daftari. Litakudanganya kwa gharama ndogo zaidi.