Utayari wa Kuingia Katika Uchumba
Utayari wa uchumba ni uwezo wa kijana kumchagua mwenzake kwa hiari na kwa akili tulivu. Katika *Familiaris Consortio* (1981), Mtakatifu Yohane Paulo II anafundisha kuwa maandalizi ya ndoa huanza utotoni, ndani ya familia. Vijana wetu wa Bashay, Jimbo la Mbulu, tunawaalika wajiulize: Je, jeraha la uhusiano uliopita limepona? Natafuta mwenzi, au nakimbia upweke? Naweza kukataa bila hofu?

Anayesitasita asilazimishwe, hata kama mahari imekwisha kupokelewa. Kwa Kanuni ya 1062 ya Sheria za Kanisa, ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe, ingawa fidia ya hasara yaweza kudaiwa. Wazazi wapendwa, tuwape muda.